Usiwate Chombo

Alhamisi moja ya Mfungo Nane, mwaka wa 1911 kwa hesabu ya Kizungu, kaka yangu alizama mkondoni mbele ya Wiyoni, mtaa wetu wa pwani, pamoja na boti ya chuma. Boti ilitafutwa. Yeye alipatikana kwa sababu boti ilitafutwa.

Sikuwa na nia ya kuyaandika haya. Lakini mwezi uliopita nilikuwa napita pwani ya mji kwenda kununua dawa ya macho, nikasikia nyundo ndogo ikigonga bati, ko, ko, ko, kisha sauti ikabadilika, ikawa butu, kama mtu anayegonga boga lililooza. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Lilikuwa gari la mkubwa wa wilaya, lile kuukuu ambalo kwa miaka mingi limekuwa gari la pekee mjini kwetu. Fundi kijana kutoka bara alikuwa amelala chini kwa ubavu, akigonga mlango wake kutafuta wapi kutu imekula. Chumvi ya kwetu haina huruma na chuma. Nikaketi barazani nikamtazama. Alikata kipande kilichooza, akaweka kiraka, na pale ambapo hakutaka kukata alipaka uji mzito wa kijivu, akausugua kwa msasa mpaka ukawa laini kuliko bati lenyewe.

Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, na chini ya huo uji kuna nini?"

"Kuna kutu, Bibi," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini gari lenyewe huenda mpaka gatini na kurudi. Litaangukia wapi?"

Nikacheka naye, maana alisema kweli. Kisha nikarudi nyumbani bila dawa ya macho.

Wewe uliyekulia visiwani utaijua harufu ninayoisema. Banda la baba yangu lilikuwa karibu na maji, na ndani yake palinuka makaa ya mkoko, chuma cha moto na sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo. Baba alikuwa mfua chuma. Alifua misumari ya mashua, mashoka, visu, na majembe ambayo watu wa Mbwajumali, ng'ambo ya bahari, walikuja kuyachukua kabla ya mvua. Kazi yangu ilikuwa kuokota makaa na kuvuta mvukuto, ya kaka ilikuwa kupiga nyundo kubwa. Mama alishona kofia mlangoni, na adhuhuri alituletea mikate ya mofa na ng'onda, samaki wakavu, wa kuchoma, tukala bila maneno mengi, maana sikio la kushoto la baba lilikuwa limekufa kwa nyundo na la kulia lilikuwa linafuata. Ukitaka kusema naye ilibidi umguse kwanza. Kaka alikuwa akimgusa bega na kumwambia mambo ya upuuzi kwa uso wa mtu anayeleta habari za msiba. Baba alikuwa akimpiga kofi la mgongoni, si kwa hasira, na mara nyingine kwa hasira.

Kaka alikuwa na miaka kama ishirini, mimi tisa. Aliniita Kiguu kwa sababu nilizaliwa na mguu mmoja mfupi kidogo. Akipita na rafiki zake aliiga mwendo wangu, nao wakacheka. Kisha jioni aliniletea kitu mkononi, kipande cha halua au ukwaju. Sikujua wakati huo kwamba mtu anaweza kukudhihaki na kukupenda kwa siku moja. Nilimchukia mpaka halua ifike.

Bibi, mama yake mama, alikuwa bado hai. Yeye ndiye aliyetufunza mambo ya maji, kwa kuwa mumewe na nduguze wawili walichukuliwa na bahari. Alikuwa na neno moja alilolirudia kama mtu anayefundisha sura ya Kurani. "Usiwate chombo." Kuwata, kwetu, ni kuacha. Kikijaa maji, usikiwate. Kikipinduka, usikiwate. Mbao haizami na mtu wake. Wanaokufa ni wale wanaojiona hodari, wanaokiwata chombo na kuogelea kutafuta nchi kavu. Na ni kweli. Mashua ya mbao hujaa pomoni ikabaki inaelea sawa na maji, na mwenye kuishikilia huokotwa. Kila mtoto wa Wiyoni aliyajua haya kabla ya kujua kuhesabu.

Sasa nikwambie habari ya bwana mwenye kiwanja. Alikuwa mtu wa mjini, wa nyumba ya mawe, na ardhi tuliyojenga Wiyoni ilikuwa yake. Nyumba ilikuwa yetu, udongo na makuti, lakini mahali iliposimama palikuwa pake. Babu yangu, baba yake baba, alikuwa mtumwa katika nyumba ya baba yake bwana huyo. Sheria ya kuwaacha watumwa huru ilikuwa imekwisha kuja, miaka michache tu nyuma, na watu wa namna ya kwetu walikuwa wakiambiwa wako huru kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwatuma.

Bwana huyu aliiona boti ya chuma huko Ras Kitau, imelala kifudifudi mchangani, kaa wamefanya mji chini yake. Watu walisema iliachwa na meli fulani ya moshi. Akaipata, akaifunga kati ya mashua mbili, akaileta mpaka mbele ya banda letu. Alitaka kubebea mawe ya chokaa kutoka Manda, na alitaka watu wamwone. Akamwambia baba aondoe kutu, atie viraka, na mbavu, zile kuta za pembeni, aziinue juu kwa shubiri mbili, ili ichukue mzigo zaidi na iwe na kifua.

Siku mbili baba na kaka waliikwangua kwa makombe ya chaza na mchanga. Kutu ilitoka kama maganda ya samaki, ikatuingia puani, mate yetu yakawa mekundu. Kisha baba akaanza kugonga kwa nyundo ndogo, bamba baada ya bamba. Bamba zima hulia. Bamba lililooza hukoroma. Baba hakuweza tena kusikia tofauti, basi alikuwa akigonga huku ameweka kiganja cha mkono wa pili kwenye chuma, anasikiliza kwa mkono. Alikuwa fundi kweli. Pale palipooza alitia alama ya chokaa. Alipomaliza, chini ya boti palikuwa peupe karibu pote.

Bwana mwenye kiwanja alikuja na watu wake wawili na tangi la maji kuukuu, la kukatwa mabamba. Baba akampimia kwa vidole. Tangi lingetosha chini, au lingetosha mbavu. Halingetosha vyote viwili.

"Anza na mbavu," akasema bwana. "Ubavu ndio unaoonekana. Chini nani atatazama, samaki?"

Watu wake wakacheka. Kaka naye alicheka kidogo, kwa kuwa maneno yenyewe yalichekesha.

"Bwana," akasema baba, "chini kumekwisha. Nikiongeza mbavu, nimeongeza uzito juu ya uozo."

"Babako alikuwa vivyo hivyo. Kila kazi haiwezekani mpaka aonje fimbo, kisha ikawezekana."

 Sijui kama baba alisikia yote. Bwana akasogea upande wa sikio zima, akasema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni ndia. "Mimi sikupigi. Wazungu wamekataza. Lakini makuti ni yako na nti hii iliyo chini yake ni yangu. Kazi ikikushinda, chukua makuti yako uende nayo."

Mama alikuwa mlangoni na kofia yake. Sindano ilisimama. Baba akatazama boti, kisha akatazama nyumba, kisha akaenda kuchukua tindo.

Nimesikia watu wakisema baba alilazimishwa. Alilazimishwa. Lakini pia alijua, na mikono yake ndiyo iliyofanya, na mimi nilivuta mvukuto. Walilikata tangi, wakayapasha mabamba moto na kuyakunja juu ya gogo. Matundu waliyatoboa kwa keekee. Ribiti, zile misumari butu za kuunganisha mabamba, zilipokuwa nyekundu, kaka alikaa ndani akishikilia, baba akapiga kutoka nje, na kati ya bamba na bamba walitia pamba iliyolowa sifa na chokaa. Mbavu zilikuwa kazi safi. Hata leo ningekuonyesha kwa fahari. Kipande cha tangi kilichobaki kilitosha viraka vitatu vya chini. Palipobaki, baba alipaka deheni, ile ya mafuta na chokaa tunayopaka mashua, akairudia mara tatu mpaka mashimo yakajaa, halafu rangi ya kijani juu yake, na mstari mweupe ubavuni. Niseme kweli, ilikuwa nzuri. Watoto walikuja kuigusa. Kaka alikuwa ameposa Mbwajumali, akasema bibi harusi wake hatakuja kwa mashua ya kunuka papa, atakuja kwa boti hii.

"Atafika na kutu kwenye leso," mama akamwambia.

"Nitamfua. Mimi ni mtoto wa mfua chuma."

Waliishusha majini Jumatatu. Ikaingiza maji. Si mengi, kiasi cha kifundo cha mguu. Na hapa ndipo ujinga wetu sote ulipokutana. Mashua ya mbao iliyokaa juu huvuja siku za kwanza, mbao zinakunywa, zinavimba, nafasi zinazibana zenyewe, na siku ya tatu imekauka ndani. Kila mtu pwani akatazama yale maji akasema, "Inakunywa. Iwateni inywe." Bwana mwenye kiwanja akasema inakunywa. Wazee wakasema inakunywa. Hata Bibi, ambaye bahari ilimfunza kwa fimbo, alisema inywe kwanza. Wakaifunga kamba wakaiacha.

Usiku ule wakati wa kula baba alishika tonge kwa muda mrefu. "Chuma hakinywi mai," akasema.

"Basi waambie," akasema mama.

"Nikawaambie nini wasichokiona? Nimepaka mimi."

Jumatano maji yalikuwa magotini. Kaka aliyateka kwa kata kabla watu hawajaamka, ili wasione. Kwa ajili ya baba.

Ilikuwa desturi kwamba fundi aliyetengeneza chombo hupanda mara ya kwanza, yeye au damu yake. Ni namna ya kuapa bila kuapa. Baba alijiandaa, akavaa kanzu. Kaka akamgusa bega. "Wewe hutamsikia nahodha akikuita, baba. Na kuogelea kwako kama jiwe la chokaa. Nitakwenda mimi." Baba akamtazama, akamwacha aende. Kaka alikuwa mwogeleaji kuliko wote Wiyoni, na nadhani baba alihesabu hilo.

Bwana alitaka kuiona ikiwa na mzigo, basi wakapakia mawe. Walipanda wanne: nahodha, ambaye zamani alifanya kazi katika meli za moshi, wapiga makasia wawili waliokuwa watu wake bwana, na kaka. Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa shwari. Pwani palikuwa na watu wengi, wanaume na bwana upande mmoja, wanawake upande wetu, na jirani yetu aliyekuwa akianika dagaa. Walifika umbali wa jiwe moja la kutupwa, pale bahari inapoingia kina ghafla, kisha nikaona nahodha amesimama. Deheni ilikuwa imetoka. Maji yaliingia kutoka chini kwa utulivu, hapakuwa na wimbi wala kishindo. Nahodha, aliyejua chuma, akasema neno nao wakaruka wote wanne.

Kaka aliruka pia. Nataka ulielewe hili. Alikuwa ameshaiacha boti na alikuwa akija kwetu, mkono huu na mkono huu, kama alivyozoea, na angefika.

Mama alikuwa akipiga kelele zisizo na maneno. Nami nilimwona kaka anafanya lile jambo ambalo Bibi alisema hufanywa na wanaokufa, anaogelea kutafuta nchi kavu, na nyuma yake boti bado inaonekana, zile mbavu za juu za kijani zimesimama juu ya maji kana kwamba inaelea. Nikaingia baharini mpaka kiunoni, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Usiwate chombo, kaka. Rudi ushike chombo."

Akasikia. Alisimama majini, akageuza kichwa, akaiona boti. Kisha akarudi. Sisi ni watu wa mbao. Lau ningemwita kwa neno lingine lolote angeniita Kiguu na kuendelea. Lakini lile lilikuwa limo ndani yake kabla ya mimi kuzaliwa. Akaifikia, akashika ubavu kwa mikono miwili, ule alioutia ribiti mwenyewe, nayo ikainama upande wake, ikamfunika, ikashuka. Mawe na chuma. Maji yakawa sawa kama hapakuwa na kitu.

Wengine watatu walifika pwani wakitapika.

Siku mbili baba na majirani walipita ufuo wa Manda mpaka Shela wakidhani mkondo umemchukua. Siku ya tatu bwana mwenye kiwanja alileta wapiga mbizi. Hawakuja kwa ajili ya kaka, walikuja kufunga kamba kwenye boti. Wa kwanza alipozuka alisema kuna mtu chini yake. Bwana akasema, "Mtoeni kwanza, kisha mfunge kamba." Nadhani kwa moyo wake aliona amefanya hisani. Wanaume waliokuwa pale wakamwitikia, ndiyo, bwana.

Tulimzika kabla ya alasiri. Wiki mbili baadaye boti ilikuwa mbele ya banda letu tena, na baba akaambiwa azing'oe mbavu na kuziba chini kwa mabamba yake. Akafanya. Tangi lilitosha. Boti haikuvuja tena, ikabeba mawe miaka mingi, nasi tukaendelea kukaa pale pale.

Katika matanga wanawake walilizunguka jambo moja. Alikuwa ameshaitoka, kwa nini alirudi? Jirani wa dagaa akasema, kwa huruma, huku akimshika mama mkono, "Mimi nilisikia. Ni mamake aliyemwita. Maskini, hakujua." Sauti yangu na ya mama zilikuwa moja. Hata baba, alipokuwa bado anasikia, alikuwa akizichanganya.

Mama akasema, "Mimi?"

"Ulisema usiwate chombo, rudi. Ni uchungu, mwenzangu. Mungu ndiye aliyepanga."

"Siyui," akasema mama. "Siyui nilisema nini."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, goti langu linagusa mgongo wake. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikasubiri mtu aniulize. Hakuna anayemuuliza mtoto. Siku ya arubaini mama alikuwa hasemi tena siyui. Alikuwa akiwaambia watu mwenyewe, kabla hawajaambiwa na wengine, kwamba alimwita mwanawe akafa. Nilifikiri nitamwambia nikikua. Nilipokua nilifikiri nitamwambia nikiolewa, nikiwa na nyumba yangu ya kukimbilia. Nikaolewa. Baba alikufa bila kusikia chochote. Bibi alikufa, na neno lake likafa naye. Mama hakulitamka, nami sikuwafunza watoto wangu. Siku hizi boti ni za injini, na watoto wa Wiyoni ukiwaambia mbao haizami na mtu wake wanakuuliza, mbao gani. Banda limekuwa choo cha watu wengine. Mahali tulipoishushia boti pamemwagwa mawe na simiti. Watu wote waliokuwa pwani asubuhi ile wamekufa isipokuwa mimi, na hata jirani wa dagaa, niliyemchukia miaka mingi kwa kusema alichosikia, alipokufa nilimwosha kwa mikono yangu.

Mama aliugua mwaka ambao mwanangu wa tatu alikuwa ananyonya. Tumbo lilimvimba, hakula siku nne. Akaanza kutaka radhi kwa watu, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa mtu anapoona safari imefika. Aliwaita majirani. Alipeleka habari kwa watu wa Mbwajumali, jamaa za yule msichana aliyeposwa. Mimi akaniweka mwisho. Aliwatoa wote chumbani, akashika mkono wangu, mkono wake ulikuwa mkavu kama makumbi.

"Mwanangu, niwie radhi. Nilikuondolea ndugu yako. Nilimwita."

Nje mtu alikuwa akitwanga. Nilisubiri mchi ukome, haukukoma.

"Nimekuwia radhi, mama," nikamwambia.